Mashimo ya parachichi: kipi kiingie chini, kipi kibaki juu

Swali: Nina shamba la ekari moja na nusu huku Lupembe, Njombe. Zamani lilikuwa la chai. Nimechimba mashimo 120 ya futi mbili kwa mbili, kina futi mbili, kwa ajili ya parachichi aina ya Hass, na natarajia kupanda mvua zikishika. Mnunuzi wetu anataka parachichi za kilimo hai, kwa hiyo mbolea za dukani siweki. Nilivyo navyo ni samadi ya ng'ombe ya tangu mwaka jana, mbolea ya kuku wa nyama kutoka bandani kwa shemeji, majivu, unga wa mifupa viroba viwili vya kilo 25, mashudu ya alizeti, na maranda tele kutoka mashine ya mbao. Jirani yangu alijaza madebe matatu ya mbolea ya kuku kila shimo, na miche yake zaidi ya nusu imekauka. Nichanganye nini na nini, na kwa kiasi gani kila shimo?

Jibu: Dada, kila shimo weka madebe mawili ya hiyo samadi ya mwaka jana na gramu 400 za unga wa mifupa, uchanganye na udongo wa juu mpaka usiweze tena kuonyesha samadi iko wapi. Ndani ya shimo hakuna kingine. Mbolea ya kuku, mashudu na maranda ni mali, usivitupe, ila kazi yake iko juu ya ardhi na si chini ya mche. Majivu na suala la chokaa nitakuja nalo, kwa sababu shamba lililokuwa la chai lina mambo yake.

Tuanze na hesabu, maana wengi hujaza shimo kwa macho. Shimo la futi mbili kila upande lina ujazo wa karibu lita 226. Debe ni lita 20, kwa hiyo shimo lako ni madebe 11 na kidogo. Ukiweka madebe mawili ya samadi, umeweka chini ya sehemu moja katika tano. Jirani yako aliweka matatu, zaidi ya robo ya shimo, tena ya kuku. Hapo mzizi wa mche haukukutana na udongo wenye mbolea. Ulikutana na mbolea yenye udongo kidogo.

Mbolea ya kuku ikiwa mbichi ina naitrojeni nyingi ambayo bado inageuka kuwa amonia, ile harufu kali inayokuchoma macho ukiingia bandani asubuhi. Amonia inaua ncha za mizizi. Pili, ina chumvi nyingi, na parachichi ni miongoni mwa miti ya matunda isiyovumilia chumvi hata kidogo. Mizizi yake haina vile vinyweleo vingi ambavyo mahindi au maharage yanavyo, kwa hiyo kila kinachoharibu ncha zake kinamfikia mche moja kwa moja. Tatu, inapoiva inatoa joto. Nenda kaangalie miche ya jirani iliyobaki: kama majani yamebabuka kuanzia kwenye kingo kuja ndani, rangi ya kahawia kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, hiyo ni chumvi. Kama mche umenyauka ukiwa na majani yake ya kijani, chimba taratibu pembeni uitazame mizizi. Ikiwa myeusi na inavunjika, imeungua au imeoza.

Sasa, kwa nini nasema kingine kiwe chini na kingine juu? Virutubisho haviendi sawa udongoni. Naitrojeni hutembea na maji: ukiiweka juu, mvua ya Lupembe itaishusha yenyewe, na ukiiweka chini itaishusha zaidi mpaka mizizi isiifikie. Fosforasi haitembei. Kwenye udongo mwekundu wenye uchachu hunaswa na chuma na aluminiamu, ikabaki pale pale ulipoiweka. Kwa hiyo fosforasi ndiyo ya kuingiza shimoni, kwa kuwa hii ndiyo nafasi yako pekee ya kuifikisha kina hicho bila kukata mizizi. Chokaa nayo haishuki upesi, hivyo iko kundi hilo hilo. Naitrojeni na potasiamu utavipa mti kutokea juu miaka yote atakayoishi. Mizizi inayokula ya parachichi, mingi yake iko kwenye sentimita 30 za juu, na mti ukishakua inatambaa mpaka kwenye majani yanayooza juu ya ardhi. Shimo ni la kumpokea mche kwa msimu wa kwanza na wa pili. Baada ya hapo anakula nje ya shimo.

Nije kwenye samadi yako. "Ya mwaka jana" inaweza kumaanisha mambo mawili. Kama ilirundikwa kivulini, ikafunikwa kwa majani ya migomba au nailoni, ikageuzwa mara kwa mara, hiyo ni mali safi. Kama ilikaa wazi nyuma ya zizi ikapigwa na mvua ya msimu mzima, naitrojeni na potasiamu vyake vimeshakwenda kwa jirani wa bondeni, na ulichobaki nacho ni nyuzinyuzi zenye udongo. Hata hiyo bado inafaa shimoni, kwa sababu kazi yake kubwa pale ni kulegeza udongo, kushika maji na kuwapa viumbe wadogo chakula. Tena kwa mche mchanga wa parachichi afadhali samadi dhaifu kuliko kali.

Kinachotakiwa ni iwe imeiva. Chukua fimbo kavu, ichomeke mpaka katikati ya rundo, iache kama dakika kumi, halafu ichomoe na ushike ile ncha. Ikiwa na joto, bado inapika: igeuze, iloweshe kidogo, isubiri. Ikiwa ya baridi na yenye unyevu, inanukia kama ardhi baada ya mvua na huoni tena shina la nyasi likiwa zima, imeiva. Kama ncha ni kavu na ina utando mweupe, haijaiva, imekauka tu. Ikipata maji itaanza upya.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda kuliko fimbo. Changanya samadi na udongo wako nusu kwa nusu kwenye makopo matatu, panda maharage matano kila kopo, na kopo jingine lenye udongo mtupu la kulinganishia. Subiri wiki mbili hadi tatu. Maharage yakiota sawasawa na majani yakakunjuka vizuri, endelea. Yakiota machache au yakiota na kingo zilizoungua, samadi ina chumvi au bado ni mbichi. Yakiota halafu majani mapya yakajikunja na kujisokota kama kikombe, kuna uwezekano ng'ombe walilishwa nyasi zilizopigwa dawa ya magugu ya majani mapana. Baadhi ya dawa hizo hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa nzima na hukaa kwenye samadi muda mrefu. Gharama ya jaribio ni maharage ishirini. Gharama ya miche 120 ya kubebesha unaijua wewe.

Kwa mashimo yote utahitaji madebe 240, yaani karibu mita 5 za ujazo. Pima rundo lako kabla hujaanza. Ikiwa haitoshi, ni bora debe moja na nusu kila shimo kuliko kuanza na matatu ukamaliza na mkono mtupu kwenye mistari ya mwisho.

Unga wa mifupa ndio fosforasi yako. Viroba viwili ni kilo 50. Gawa kwa 120 upate kama gramu 416, ndiyo maana nimesema 400. Tafuta kopo, pima mara moja kwa mizani, weka alama ya msumari, uendelee kulitumia hilo hilo. Mifupa huyeyuka polepole, na huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye uchachu, kwa hiyo udongo wa chai kwa jambo hili ni rafiki yako. Usimwage ukiwa fungu moja chini ya mche, na usiuache juu. Mbwa wa kijiji kizima watakuja kufukua, na mimi nimekwisha kuona shamba ambalo mbwa walifanya kazi kuliko vibarua.

Ukipungukiwa na unga wa mifupa, fosfeti ya Minjingu, ule unga wa mwamba unaochimbwa Manyara, inafanya kazi ile ile: gramu 300 kila shimo. Hakikisha ni ile tupu. Ziko mbolea nyingine zenye jina la Minjingu zilizoongezwa naitrojeni ya kiwandani, na hizo kwenye kilimo hai hazipiti. Soma kiroba, usimsikilize muuzaji peke yake.

Sasa chai. Mti wa chai unapenda uchachu, na mashamba ya chai ya miaka mingi, hasa yaliyokuwa yakiwekewa mbolea zenye amonia, huzidi kuwa machachu. Parachichi hutaka pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu umezidi, kama 5.5 hadi 6.5. Chini ya 5, aluminiamu iliyo udongoni huyeyuka na kudumaza mizizi, na hapo hata ujaze mboji mpaka juu, mche atasinyaa tu. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, pima udongo. Pita shambani kwa kuzungukazunguka, chota udongo sehemu kumi hadi kumi na tano, ule wa juu sentimita 0 hadi 30 kwenye ndoo moja, ule wa sentimita 30 hadi 60 kwenye ndoo nyingine. Mashimo umeshachimba, kwa hiyo kazi ni rahisi: parua ukuta wa shimo. Changanya kila ndoo, toa nusu kilo, anika kivulini, peleka. Kwa kuwa uko Njombe, anzia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya. Chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro na TARI Mlingano kule Tanga nao wanapima. Omba wakupimie pH na fosforasi na wakwambie kiasi cha chokaa, usiombe pH peke yake.

Majibu yakija na pH chini ya 5.5, weka chokaa ya kilimo, na ukipata ya dolomaiti ndiyo bora kwa sababu inaleta na magineziamu, ambayo udongo wa namna hiyo huwa umeikosa. Udongo wa shimo lako una uzito wa karibu robo tani. Kwa kiasi hicho, gramu 300 hadi 500 kwa kawaida hutosha, ila maabara wakikupa namba yao, fuata yao. Usitumie chokaa ya kupaka ukuta. Ile ni kali, inaunguza.

Utaratibu wa kuweka ndio wengi wanaokosea. Chokaa na samadi visikutane siku moja. Chokaa inapandisha pH pale inapoigusa samadi, na naitrojeni ya samadi inageuka amonia na kupaa. Utaisikia puani, na hiyo ni fedha yako inayoondoka. Vilevile chokaa na unga wa mifupa, au Minjingu, visikutanishwe mafungu kwa mafungu, kwa kuwa vile huyeyushwa na uchachu na chokaa inauondoa. Kwa hiyo changanya chokaa kwanza na udongo ulioutoa shimoni, wa juu na wa chini, uloweshe kama mvua haijaanza, uache wiki tatu. Baada ya hapo ndipo unaleta samadi na mifupa.

Majivu yahesabu kama chokaa dhaifu yenye potasiamu ya kuyeyuka upesi. Ukiweka chokaa, majivu yasiingie shimoni kabisa. Usipoweka chokaa kwa sababu pH imekuja nzuri, hapo pia huyahitaji. Mahali pake ni juu, yametawanywa mbali na shina, konzi mbili tatu kwa mti, mwanzoni mwa mvua. Na nikuulize: majivu hayo yametokana na kuni gani? Njombe na Mafinga kumejaa nguzo zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani. Vipande vyake vikiishia jikoni au kwenye tanuri, majivu yanabaki na shaba, kromiamu na arseniki. Hayo usiyaweke kwenye kitu chochote cha kuliwa.

Kuchanganya kwenyewe. Nadhani ulipochimba uliweka udongo wa juu, ule mweusi, upande mmoja na wa chini upande mwingine. Kama ulichanganya, si mwisho wa dunia, ila parua udongo mweusi kuzunguka shimo ujazie. Tandika turubai kando ya shimo. Mwaga udongo wa juu, mwaga madebe mawili ya samadi juu yake, nyunyiza kopo la mifupa kama unavyonyunyiza chumvi kwenye samaki. Watu wawili wasimame wakitazamana, kila mmoja na koleo, wahamishe fungu zima kutoka upande huu kwenda ule, kisha walirudishe, kisha walihamishe tena. Mara tatu. Chota konzi, fumbata, fumbua. Ikishikana halafu ikavunjika ukiigusa kwa kidole, unyevu ni sawa. Ikitoa maji ni tope, subiri ikauke. Ikimwagika kama unga, nyunyizia maji. Vunja mabonge yote ya samadi. Bonge moja la ukubwa wa ngumi chini ya mche ni sawa na mbolea ya kuku ya jirani yako kwa udogo.

Usipange tabaka: samadi, udongo, samadi, udongo. Najua vijitabu vingine vinaonyesha hivyo. Samadi iliyo peke yake chini, kina cha futi mbili, haipati hewa. Mvua ikizidi inaoza vibaya, inanuka kama yai viza, na mizizi haiingii humo. Theluthi ya chini ya shimo rudishia udongo mtupu, wa juu kidogo na wa chini uliolegezwa, bila samadi. Mchanganyiko wako ukae kuanzia hapo kwenda juu. Udongo wa chini utakaobaki tengenezea kingo ya bakuli upande wa mteremko, ishike maji.

Kabla hujajaza, fanya kitu kimoja na mashimo mawili matatu ya sehemu tofauti za shamba, hasa bondeni. Yajaze maji, yaache yanywe, yajaze tena, chomeka kijiti chenye alama na uangalie saa. Yakishuka chini ya sentimita mbili na nusu kwa saa, udongo huo hautoi maji, na shimo lako ni bwawa. Hakuna mbolea inayotibu hilo. Mboji ndiyo inazidisha: mchanganyiko wako laini unavuta maji yote ya jirani, ukuta wa mfinyanzi unayazuia, na mizizi inakaa kwenye maji. Humo ndimo faitofthora, kimelea kinachoozesha mizizi ya parachichi dunia nzima, anapozaliana na kuogelea. Sehemu kama hizo fukia shimo kwa udongo wake, inua tuta la mviringo la sentimita 30 hadi 50 kwa udongo wa juu na samadi, upana mita moja na nusu, panda juu yake. Na hata mashimo mazuri, kuta zake zikiwa zimelainishwa na sepetu mpaka zinang'aa, zikwangue kwa jembe la meno au panga ili mzizi upate pa kupenya.

Jaza mashimo wiki nne au zaidi kabla ya kupanda, na jaza kupita usawa wa ardhi, kichuguu cha sentimita 15 hadi 20, na kijiti kikae katikati. Udongo uliolegezwa hushuka, na samadi ikiendelea kuoza hushuka zaidi. Ukijaza leo na kupanda kesho kwa usawa wa ardhi, mwaka ujao mche utakuwa kwenye kishimo, udongo umefika pale alipobebeshwa, na shina linaoza taratibu huku ukidhani ni ukame. Siku ya kupanda fungua kitundu cha ukubwa wa kiriba tu, chana kiriba kiondoke, na sehemu ya kubebesha ibaki juu ya udongo, kiganja kizima kikiwezekana. Usimwagie tena mbolea ndani ya kile kitundu, hata konzi moja.

Sasa vile vya juu.

Mbolea ya kuku ni hazina ukiisubiri. Changanya na maranda yako: maranda yana kaboni nyingi na naitrojeni karibu hakuna, kuku ana naitrojeni ya kumwaga, vinakamilishana. Ila angalia, takataka za banda la kuku wa nyama tayari huwa zina maranda au pumba ndani yake, kwa hiyo anza na debe moja la maranda kwa madebe mawili ya takataka za banda, uone. Rundo likinuka amonia, ongeza maranda. Likikaa baridi wiki nzima, ongeza kuku au maji. Tupia na mashudu humo humo. Mashudu yakiwekwa shimoni yanaota ukungu, yanapata moto, na yanaita panya na siafu. Kwenye rundo yanalipika vizuri sana. Geuza kila baada ya wiki mbili, na baada ya miezi mitatu minne ipimwe kwa fimbo kama ile nyingine.

Maranda peke yake kamwe yasiingie shimoni. Wadudu wadogo wanaoyaozesha wanahitaji naitrojeni, na wakiikosa kwenye maranda wanaichukua udongoni, na mche anakuwa wa manjano huku amezungukwa na "mbolea". Juu ya ardhi hayana madhara hayo, kwa sababu yanagusana na udongo kwa juu juu tu. Ya mwaka mmoja nyuma, yaliyokwisha kuwa ya kahawia, ni matandazo mazuri.

Miezi mitatu baada ya kupanda, mche ukishatoa majani mapya na yakakomaa, ndipo mboji ya kuku inaanza kutumika: nusu debe kwa mti, iliyotawanywa kwenye duara chini ya ncha za majani, kiganja na nusu mbali na shina, kisha matandazo juu yake unene wa sentimita kumi hadi kumi na tano. Matandazo yasiguse shina. Yakigusa, mchwa wanapata ngazi na shina linabaki na unyevu. Rudia mwanzo wa mvua na katikati yake, ukiongeza kadiri mti unavyotanuka.

Huu wa kulisha kwa juu si ubunifu wangu. Kule Mlima Tamborine, Queensland, Australia, mkulima Guy Ashburner aliendelea kuvuna parachichi wakati mashamba ya wenzake yakiteketea kwa faitofthora. Alikuwa akiotesha mazao ya kufunika ardhi kati ya miti, akiyakata na kuyaacha pale, na kuweka mbolea ya kuku na chokaa ya dolomaiti juu. Watafiti walipochunguza udongo wake miaka ya 1970 waliona kimelea yupo, ila viumbe wengi waliojaa udongoni wanamzidi nguvu. Kuku wake na kuku wa jirani yako ni wale wale. Tofauti ni pale mbolea ilipowekwa, na muda.

Kama kando ya barabara yenu kuna alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano inayojiotea kama ua, usiipite bure. Majani yake yakikaushwa yana naitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu asilimia 4, zaidi ya samadi nyingi za wafugaji wadogo, na utafiti mwingi juu yake ulifanywa magharibi mwa Kenya miaka ya 1990. Kata kabla haijatoa mbegu, tandaza mabichi chini ya matandazo. Mashina magumu yatupie kwenye rundo. Usichomeke vijiti vyake ardhini, vinashika na vitakusumbua.

Molasi na zile dawa za chupa za "kuamsha udongo" wanazouza kwenye semina: samadi iliyoiva ina vijidudu wa kutosha. Fedha hiyo nunulia dolomaiti.

Kuhusu mnunuzi wako, ulizia mapema, kabla mkaguzi hajaja. Kanuni za kilimo hai za Umoja wa Ulaya haziruhusu mbolea inayotoka kwenye ufugaji wa kiwandani, na maranda na majivu lazima yatokane na miti ambayo haikutiwa kemikali baada ya kukatwa. Banda dogo la shemeji huenda likakubalika na huenda lisikubalike, inategemea anavyofuga na mkaguzi anavyoona. Andika kwenye daftari: samadi imetoka wapi, lini, madebe mangapi. Mkaguzi anapenda daftari kuliko maelezo.

Na jirani asichomeke miche mipya kwenye mashimo yale yale. Achimbue mbolea yote iliyomo, aianike iwe rundo, aichanganye na maranda, itamfaa mwakani. Mashimo yenyewe ayaache wazi yapigwe na mvua mwezi mzima, chumvi ishuke, kisha ayajaze udongo wa juu kutoka sehemu nyingine ya shamba na debe moja tu la samadi. Apande maharage matano katikati ya kila shimo. Pale yatakapokuwa na afya, arudishe mche. Pale yatakapoungua, asubiri.